Spectrum ilikosea, ila si pale tunapolaumu

Tangu kampuni ya Retro Games ilipotoa nakala mpya ya ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Uingereza ya mwaka 1982, mnamo Novemba 2024, yenye vitufe vile vile vya mpira, tundu la HDMI na gemu 48 zilizokwisha pakiwa ndani, ugomvi wa zamani umefufuka. Mwaka uliofuata jina la Commodore, mshindani wake wa Marekani, nalo likarudi sokoni na Commodore 64 mpya, basi mashabiki wa kambi mbili wakakamatana mashati kama Simba na Yanga. Kila mtu sasa ni mhandisi wa 1982. Huyu anasema Sinclair, mwenye kampuni iliyoitengeneza, angeweka rangi kamili, yule anasema angeweka chipu ya sauti, wa tatu anachora kwenye karatasi Spectrum ambayo "ingepaswa kuwa". Na karibu wote wanaanza na shtaka moja: mgongano wa rangi, ule ugonjwa wa mashine hii ambapo shujaa mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, kipande cha mti kinageuka cheupe kama kimemwagiwa chokaa.

Nakubali kwamba Spectrum ina makosa ya usanifu, tena mengine ya aibu. Ninachokataa ni orodha inayosomwa. Mgongano wa rangi, kibodi ya mpira na sauti yake ya nyenje vilikuwa bei iliyoandikwa kwa lugha ya saketi: kuondoa kimojawapo kungeongeza gharama kwenye kila mashine inayotoka kiwandani. Makosa yenyewe yamejificha kwenye mambo ambayo kuyafanya vizuri kusingeongeza hata senti moja kwa mashine, na hayo ndiyo hayatajwi.

Kwa asiyeijua, mashine hii ilizinduliwa London tarehe 23 Aprili 1982 kwa bei mbili: pauni 125 kwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 kwa yenye 48. Saketi zake zilichorwa na Richard Altwasser, programu ya ndani ya ROM, kumbukumbu isiyofutika, ikaandikwa na Steven Vickers, na lile umbo jeusi lenye mchirizi wa upinde wa mvua pembeni ni kazi ya Rick Dickinson. Ubongo wake ni prosesa ya Z80A inayokwenda megahezi 3.5. Kazi nyingine zote, yaani picha, kibodi, sauti na kaseti, ilibebeshwa chipu moja kutoka Ferranti iitwayo ULA. Mshindani wake wa nyumbani, BBC Micro modeli B, aliuzwa hadi pauni 399. Clive Sinclair alikuwa anamlenga mzazi ambaye pauni 399 hana na hatakuwa nazo, na alimpata: Spectrum zaidi ya milioni 5 ziliuzwa kabla haijaachwa kutengenezwa mwaka 1992.

Sasa tuketi na kikokotoo. Skrini ya Spectrum ina pikseli 256 kwa 192, jumla 49,152. Ukiipa kila pikseli biti moja, imewaka au imezima, unahitaji baiti 6,144, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Ukitaka kila pikseli ichague rangi yake kati ya nane, unahitaji biti tatu kwa kila moja, sawa na baiti 18,432. Mashine ya pauni 125 ilikuwa na baiti 16,384 kwa kila kitu. Picha peke yake ingefurika kabla mtoto hajaandika mstari mmoja wa BASIC, lugha ya programu ya mashine hii. Altwasser akakata hivi: skrini igawanywe vyumba 768, kila kimoja pikseli nane kwa nane, na kila chumba kipewe baiti moja ya rangi. Ndani ya baiti hiyo, biti tatu ni za wino, tatu za karatasi, moja ya mng'ao, moja ya kumweka, yaani kuwaka na kuzima. Jumla ya picha na rangi ikawa baiti 6,912. Chumba kimoja, rangi mbili. Mgongano unatoka hapo.

Mpaka hapa nimesema kinachosemwa na kila mtetezi wa Spectrum, na utetezi huu una tundu ambalo watetezi wenyewe hawalioni. ULA haisomi baiti ya rangi mara moja kwa chumba. Inaisoma upya kwenye kila mstari wa pikseli, mara nane ile ile, kwa sababu haina mahali pa kuihifadhi hadi mstari unaofuata. Maana yake ni kwamba kumpa kila mstari rangi zake kusingeidai ULA isome baiti hata moja ya ziada. Na huu si unabii wa mtu aliyechelewa: Timex, waliouza mashine za Sinclair Marekani kwa leseni, walifanya hivyo hivyo kwenye TS2068 waliyoiuza huko mwishoni mwa 1983. Mashine hiyo ina hali ya skrini ambapo rangi hubadilika kwa kila mstari, na picha nzima inakula baiti 12,288. Tofauti ni baiti 5,376. Hicho ndicho kilichokosekana, na kwenye mashine ya kilobaiti 48 baiti 5,376 zinavumilika. Kwenye ya 16, zingemwachia mnunuzi kilobaiti nne tu kabla mfumo wenyewe haujachukua chake.

Ukitaka kuona jinsi walivyobana, tazama picha ikipakiwa kutoka kwenye kaseti. Haishuki kutoka juu hadi chini kama pazia. Inajaa theluthi moja kwanza, na ndani ya theluthi hiyo mistari inaruka: wa kwanza wa kila safu ya herufi, kisha wa pili wa kila safu, hadi nane zitimie, ndipo ihamie theluthi ya pili. Inachukua kama sekunde 37 yote, na zile nne za mwisho ndizo rangi zinazomwagika juu ya picha nyeusi na nyeupe. Wengi hudhani ni utundu wa wahandisi. Ni hesabu ya chipu za kumbukumbu: chipu za aina ile hupokea anwani kwa mafungu mawili, safu kwanza kisha nguzo, na ukibaki kwenye safu ile ile usomaji wa pili unakuwa wa haraka. Anwani zilipangwa hivi ili baiti ya picha na baiti ya rangi yake zikae safu moja, ULA izichote zote mbili kwa mkupuo. Tena, kwa mwandishi wa programu, kushuka mstari mmoja ndani ya herufi kukawa ni kuongeza moja tu kwenye nusu ya juu ya anwani. Anayeita mpangilio huu ovyo hajawahi kuhesabu nanosekunde. Mimi mwenyewe niliuita hivyo kwa muda mrefu, hadi nilipoandika biti za anwani zile mbili kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, nikaona nane za mwisho zinafanana kabisa.

Kwa hiyo mgongano wa rangi ulizaliwa na uamuzi wa kibiashara, kwamba lazima iwepo mashine ya pauni 125 na kwamba gemu ya mashine moja iende kwenye nyingine. Uamuzi huo unajadilika. Gemu nyingi zilizokuja kukumbukwa zilidai kilobaiti 48, kwa hiyo ukitazama nyuma unaweza kusema modeli ya 16 iliwafunga wengi kwa faida ya wachache. Lakini Aprili 1982 hakuna aliyejua hilo, na dalili za jinsi kumbukumbu ilivyokuwa ghali zimo ndani ya kasha lenyewe. Ile kilobaiti 32 ya nyongeza ilijengwa kwa chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu. Viwanda vingezitupa, Sinclair akazinunua kwa bei ya chini, na kiunganishi kidogo kwenye bodi kikaamua nusu ipi nzima ndiyo itumike. Mtu anayenunua chipu nusu mbovu ili afikie bei, usimwambie kuhusu baiti 5,376 kama vile ni chumvi ya kuongeza mezani.

Hoja ya kambi ya Commodore ni nzito zaidi. Wanasema: mbona sisi tulipata vipicha vinavyotembea vyenyewe juu ya mandhari, na chipu ya SID yenye sauti tatu, mwaka ule ule? Ni kweli, na kwa usanifu wa gemu Commodore 64 ilikuwa mbele. Lakini Commodore walikuwa wanamiliki MOS Technology tangu 1976. Chipu walijitengenezea wenyewe, faida ya katikati ikabaki nyumbani. Sinclair hakuwa na kiwanda cha chipu. ULA ni kipande cha silikoni ambacho mageti yake, zile swichi ndogo za kimantiki, tayari yamepangwa na Ferranti, mteja anachagua tu jinsi ya kuyaunganisha kwenye tabaka la mwisho. Ni kama kushona suti kwa kitambaa kilichokwisha katwa. Na hata hivyo Commodore iliingia sokoni kwa dola 595. Kuzipambanisha mashine hizi mbili bila kutaja bei ni kumlaumu bodaboda kwa kukosa kiyoyozi.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka upande wangu, na inaniudhi zaidi kwa sababu hiyo. Ni ile ya kimapenzi: kwamba uhaba huzaa ubunifu, kwamba mgongano wa rangi ulikuwa baraka iliyowafunza watu uhandisi. Mfano hutolewa ule ule daima, Knight Lore ya 1984, iliyochora chumba cha 3D kwa rangi moja tu kwa kila skrini ili kukwepa ugonjwa wote. Gemu nzuri sana. Lakini tazama kilichofanyika: mwandishi alizima rangi. Mtu akiuziwa redio ambayo spika moja inakwaruza, akaamua kuichomoa, hatusemi mkwaruzo umemfundisha muziki. Tena hawa wanaousifu uhaba huhesabu waliovuka tu. Kwa kila gemu iliyougeuza upungufu kuwa mtindo kulikuwa na lundo la gemu ambazo mhusika wake alionekana kama amevaa viraka, na hizo hakuna anayezipakia leo.

Makosa yangu mimi yanaanza na biti moja. Rudi kwenye ile baiti ya rangi: biti ya nane ni ya kumweka. Ukiiwasha, chumba kizima kinabadilishana wino na karatasi, kinawaka na kuzima. Gemu hazikuitumia sana. Mtumiaji wake mkuu alikuwa kielekezi cha BASIC, ile herufi K au L inayopepesa pale unapoandika. Sasa, ROM ya Spectrum tayari inakatizwa mara 50 kwa sekunde ili isome kibodi na kuongeza kaunta ya saa. Kupepesa herufi moja kungefanywa hapo hapo kwa maagizo machache. Badala yake biti ikatolewa sadaka katika kila chumba, vyote 768, na mageti ya ULA yakatumika kuhesabu mapigo ya kupepesa. Gharama yake unaiona kwenye biti jirani. Mng'ao ni mmoja kwa wino na karatasi pamoja, hivyo huwezi kuweka njano kali juu ya buluu iliyofifia ndani ya chumba kimoja. Biti ya kumweka ingegeuzwa kuwa mng'ao wa pili, michoro ingepata pumzi, bila baiti hata moja ya ziada na pengine kwa mageti machache zaidi. Miaka mingi baadaye wapenzi wa mashine hii walibuni kiwango cha ULAplus chenye rangi 64, na walichofanya ni kuzinyang'anya biti za kumweka na mng'ao kazi yao ya zamani. Nafasi ilikuwepo siku zote.

Kosa la pili liko ndani ya ROM. Prosesa ya Z80 ina mguu maalumu wa kuikatiza kwa nguvu. Ukiguswa, prosesa inaruka hadi anwani 102. Pale Vickers na wenzake waliweka kipande kifupi: tazama anwani iliyohifadhiwa mahali fulani kwenye kumbukumbu, ikiwa ni sifuri usifanye kitu, ikiwa si sifuri nenda huko. Kingemwezesha mtumiaji kuweka kitufe cha kuokoa kazi yake programu ikikwama. Lakini agizo la kuruka limeandikwa kinyume. Penye namba 40 kuna 32. Kwa hiyo ukiweka anwani yako, mashine inaipuuza. Usipoweka, inarukia sifuri na kujiwasha upya. Biti moja kwenye ROM ya kilobaiti 16, na mlango wa dharura ukafungwa kwa misumari. Wakati huo huo, baiti zaidi ya 1,000 za ROM hiyo hiyo hazina kitu.

Zile baiti tupu zina hadithi yake: ROM ilitoka kabla haijaisha. Amri za kuhifadhi data kwenye Microdrive, kifaa cha Sinclair chenye kanda ndogo, zimeandikwa juu ya vitufe tangu siku ya kwanza, lakini ndani hakuna kitu kinachozijibu. Microdrive ilipokuja 1983, kifaa chake cha kuunganishia, Interface 1, kililazimika kubeba ROM yake, na njia yake ya kuingia kazini inachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mtumiaji anaandika amri, ROM ya awali haiielewi, inakimbilia kutangaza kosa, na papo hapo ile ROM ya pili inajipenyeza, inachukua usukani na kuuliza: hebu nione, labda ni yangu. Mfumo mzima wa kuhifadhi data ulijengwa juu ya kunasa makosa.

Hapa mtetezi atasema wakati nao ni pesa. BBC walikuwa tayari sokoni, kungoja kungegharimu mauzo. Hoja hiyo ina uzito, nami nisingeitupa kama wateja wa mwanzo hawangesubiri mashine zao kwa miezi baada ya kulipa. Na haraka hiyo ilijilipia vibaya: bodi za toleo la kwanza zilitoka na kichipu kimoja cha ziada kimebandikwa kichwa chini, miguu juu, nyaya zimefungwa juu yake, ili kufidia kosa la ULA ya mwanzo. Mafundi walikiita mende mfu. Ukikiona utajua kwa nini.

Kwa haki nilikuwa na shtaka la tatu, nimeliondoa. ULA hujibu namba yoyote shufwa ya lango la mawasiliano, badala ya lango 254 peke yake, na hilo liliwasumbua waliotengeneza vifaa vya kuchomeka nyuma. Nikaliita uzembe. Kisha nikahesabu miguu ya ULA: 40, na yote ina kazi. Kutambua lango kikamilifu kungedai miguu zaidi, yaani kasha kubwa zaidi, yaani pesa kwenye kila mashine. Linarudi kwenye kundi la bei.

Kuna hukumu moja iliyobaki. Shtaka la rangi, ambalo halimfai Altwasser wa 1982, lingefaa sana kupelekwa kwa waliotengeneza Spectrum 128, iliyoanza kuuzwa Hispania mwaka 1985. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei kiasi cha kutia kilobaiti 128. Chipu ya muziki ya sauti tatu ikaongezwa. Hata skrini ya pili ya baiti 6,912 iliwekwa ili gemu ichore nyuma ya pazia. Na mgongano wa rangi ukaachwa kama ulivyo. Kisingizio cha kwamba gemu za zamani zingevunjika hakisimami, kwa kuwa Timex walikuwa wameshaonyesha kwamba hali mpya ya skrini inaweza kukaa pembeni ikisubiri kuitwa, na ya zamani ikabaki. TS2068 haikuanguka kwa sababu ya rangi zake; ROM yake ilitofautiana na ya Spectrum kiasi kwamba gemu nyingi za Uingereza ziligoma, na Timex wenyewe waliondoka kwenye soko la kompyuta la Marekani mapema 1984. Nakala za Ulaya Mashariki zilizofuata, kama Leningrad na Pentagon, zilirithi mpangilio ule ule wa skrini. Kilichoanza kama bei kikawa mila.

Nayaandika haya sasa kwa sababu hesabu ya 1982 imerudi mlangoni. Kuanzia mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinazifagia. Raspberry Pi, kampuni ya kompyuta ndogo ya Cambridge kama Sinclair alivyokuwa wa Cambridge, ilipandisha bei Desemba 2025 na siku hiyo hiyo ikaleta Raspberry Pi 5 yenye gigabaiti 1 tu kwa dola 45. Ni modeli ya kilobaiti 16 imevaa nguo mpya. Anayeuza simu Kariakoo anajua mteja huuliza RAM kabla ya kamera, na tutaanza tena kuona vifaa vilivyobanwa, na tutaanza tena kuwatukana waliovibana. Ningependa tuwatukane kwa mpangilio. Kifaa cha gigabaiti 2 kikishindwa kufungua programu kumi kwa pamoja, hiyo ni bei, na mnunuzi aliiona. Kifaa hicho hicho kikija na programu za mtengenezaji zisizofutika, zinazokalia nusu ya hizo gigabaiti, hapo kuna mtu amepoteza biti ya nane kwenye vyumba vyote 768.

Ile nakala ya 2024 haina ULA wala chipu nusu mbovu. Ndani yake kuna kompyuta ya kisasa inayojifanya Spectrum. Ingeweza kuweka rangi yoyote popote. Lakini ukichagua modeli ya 48K na kugusa kitufe cha ENTER, maandishi ya Sinclair Research ya 1982 yanatoweka, na chini kushoto kielekezi cha K kinaanza kupepesa kwa biti ile ile, kwa mwendo ule ule. Programu za zamani ziliandikwa kwa mpangilio huo, kwa hiyo nakala imeuacha ulivyo.